Majina Sitini na Mawili

Anania Niyibizi alikuwa na miaka thelathini na moja alipoacha kazi ya utabibu katika zahanati moja ya Muyama, akaenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Mama yake alimsindikiza hadi stendi ya Kasulu, akamwekea mikono kichwani mbele ya abiria wote na kumwombea mpaka kondakta akapiga honi.

Miezi miwili ya kwanza jijini ilimtesa. Darasani walikuwa watu ishirini na wanne, wengi wao wametoka wizarani na kwenye mashirika, Kiingereza kinawatoka kama maji. Yeye ulimi wake ulikuwa unachanganya "ra" na "la", na kila aliposimama kusoma, kuna waliojikohoza. Mtihani wa kwanza wa takwimu alipata thelathini na moja kwa mia. Jumapili alikwenda kanisa kubwa la mjini, akaimba, akatoka, na hakuna aliyemuuliza jina.

Ndipo mpangaji mwenzake wa kule Kimara alipomkaribisha kwenye maombi. Walikuwa wanakutana katika ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kiongozi wao alikuwa mtu wa makamo aliyeitwa Mtumishi Nestori, mpole wa sauti, shati jeupe, hana makelele. Alimshika Anania mkono kwa mikono yake miwili, akamsalimu kwa lugha ya nyumbani, akimwita mwanangu:

"Amahoro, mwana wanje. Wewe ni wa Kasulu, na baba yako hayupo duniani."

Machozi yalimtoka Anania palepale. Hakujiuliza ni nani aliyemwambia Mtumishi hayo.

Tangu siku hiyo akawa na watu. Akiugua, analetewa uji. Akichelewa, anapigiwa simu. Vipindi vilikwisha saa kumi alasiri, maombi yalianza saa kumi na mbili, na Jumatano na Ijumaa alifunga, akihesabu wastani na uwiano huku tumbo linanguruma. Mtihani wa pili alipata sitini na nane. Alikuwa amejifungia na vitabu wiki tatu nzima, lakini Nestori aliposema ni kazi ya madhabahu, Anania aliitikia amina kuliko wote. Alijifunza kunyamaza: kanisani aliunyamazia udaktari, chuoni akalinyamazia kanisa.

Utafiti wake ulihusu wagonjwa wa kifafa: kwa nini wengine huacha dawa na wengine hudumu nazo. Msimamizi wake, Dokta Mansuri, mzee mkali aliyevaa sweta hata kwenye joto la Dar, alimpa onyo moja tu kabla hajasafiri.

"Kwenye madodoso unaandika namba. Majina yanakaa kwenye karatasi nyingine, na karatasi hiyo haioni mtu. Wewe tu. Kule kwenu mtu akijulikana ana kifafa, binti yake haolewi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Dokta."

Akarudi nyumbani mwezi wa sita, vumbi jekundu limeshaanza kupanda juu ya migomba. Alifanya kazi wiki tano, Kasulu kwanza, kisha Kibondo. Watu sitini na wawili walimkubalia. Walimwamini kwa sababu alikuwa mtoto wa hapo. Wazee walimjua marehemu baba yake, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni na kuzeeka akiwa Mtanzania.

Wa kumi na nne alikuwa Immakulata, fundi cherehani na kiongozi wa kwaya katika kanisa la mama yake. Alifunga mlango wa chumba cha kushonea kabla hajaanza kusema. Alianguka mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na sita, motoni, akaungua paja la kushoto. Pasikali, mumewe, aliambiwa ni uji wa moto uliommwagikia. Miaka tisa sasa alikuwa akimeza vidonge kila jioni, na hakuwa ameanguka tena. Alivificha ndani ya kopo la unga wa muhogo, kwa kuwa Pasikali hakuwa mtu wa kuingiza mkono jikoni.

"Haya nimekuambia wewe na Mungu," alisema. "Hata mama yangu mkwe hajui."

Anania aliandika "14" juu ya dodoso, na kwenye ile karatasi nyingine akaandika jina. Pembeni aliongeza maneno machache ya kumkumbusha: mshonaji, kopo la unga, kovu la moto, mume anadhani uji.

Mtumishi Nestori alimpigia simu kila siku saa moja asubuhi. Mwanzoni waliomba tu. Wiki ya nne akasema, "Hao unaozungumza nao, madhabahu inawalilia. Tuletee majina tuwaombee."

"Mtumishi, majina hayaruhusiwi. Ni masharti ya chuo."

"Chuo kimekupa karatasi. Mungu amekupa pumzi. Unamficha nani, Anania?"

Alizungushazungusha jibu siku nne. Siku ya tano alifunga, akaomba, na alipoinuka alijiambia kwamba kuombewa hakujawahi kumdhuru mtu. Akaipiga picha ile karatasi na kuituma. Jibu likaja upesi: *Amina.* Baada ya nusu saa likaja lingine:

*Namba 14, hilo kovu liko wapi?*

Anania aliusoma ujumbe mara mbili. Mtu anayemwombea mwingine anahitaji kujua kovu liko wapi? Hata hivyo vidole vyake viliandika: *Paja la kushoto.*

Wiki iliyofuata alikuwa Kibondo kumalizia kazi, akaona mabango yamebandikwa kwenye kuta za maduka. Mkutano mkubwa wa uponyaji. Kibondo siku mbili, Kasulu siku tatu. Na katikati ya bango, uso mpole wa Mtumishi Nestori.

Hakuwa ameambiwa. Alipiga simu, akapokea mtu asiyemjua, akamwambia Mtumishi yuko kwenye maombi. Jioni zote mbili za Kibondo hakwenda uwanjani. Alikuwa na homa, au alijiambia ana homa. Asubuhi ya tatu aliingia mgahawani kunywa chai, na meza nzima ya jirani ilikuwa inazungumza jambo moja.

"Amemwita mzee Nkunzimana kwa jina," alisema mwanamke mmoja, macho yamemtoka. "Mtu ametoka Dar, hajawahi kukanyaga hapa! Akamwambia, wewe unaangukaanguka tangu ulipomzika mtoto wako. Mzee akalia kama mtoto mchanga. Dawa zake akazitupa palepale."

Anania aliiweka chapati chini. Nkunzimana alikuwa namba hamsini na moja. Maneno ya mtoto aliyezikwa yalikuwa mwandiko wake mwenyewe.

Alikwenda mbio nyumbani kwa mzee, akaukuta mlango una kufuli. Jirani alisema wamekwenda wote kwa ndugu, mashambani, kushangilia. Akasita pale uani. Kisha akapanda gari la Kasulu, mkutano ulikohamia siku hiyo, akiwaza kwamba huko ndiko kuliko na watu wengi zaidi wa kuwahi.

Alifika uwanjani saa tisa alasiri. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye mteremko wa barabara. Spika zilitikisa kifua. Alianza kujipenyeza kwenda mbele, akiwatafuta wale aliowajua mmoja mmoja, na alikuwa bado katikati ya umati Nestori aliponyamazisha kinanda kwa kuinua kidole.

"Immakulata," alisema taratibu. "Mshonaji. Mungu ameliona kopo la unga."

Umati uliguna. Immakulata alisimama katikati ya kwaya yake. Pasikali alikuwa mita chache kutoka kwake.

"Njoo, mama. Mungu ameliona kovu la paja la kushoto. Si uji. Ni moto. Leo umefunguliwa."

Wakamshika huku na huku, akapanda jukwaani. Mtu alitumwa nyumbani kwake kwa pikipiki, akarudi na lile kopo. Nestori akamimina vidonge kwenye beseni, na Immakulata, machozi yakimtiririka, akavikanyaga kwa kisigino hadi vikawa unga. Nyuma yake watu wengine walikuwa wameanza kujipanga, vichupa na pakiti mkononi. Anania aliwahesabu kumi na saba aliowajua.

Sijui kama alipiga kelele. Mwenyewe husema alipiga, lakini spika zilikuwa na nguvu zaidi. Anachokumbuka ni kwamba Nestori alimwona, akatabasamu kwa upendo mkubwa, akamwita.

"Na huyu hapa ni msomi wa chuo kikuu, mtoto wenu wenyewe, mtaalamu wa ugonjwa huu. Panda, mwana wanje. Waambie, je, mimi nimewahi kuonana na mama huyu?"

Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwake. Alimtazama Immakulata, uso wake uking'aa kama wa mtu aliyetua mzigo wa miaka yote. Alimwona mama yake mzazi, chini pale, mikono juu, akilia kwa furaha. Alijua la kusema. Neno moja lingetosha.

"Hapana," alisema. "Hamjawahi kuonana."

Na uwanja ukalipuka.

Asubuhi na mapema alikuwa mlangoni kwa Immakulata na vidonge alivyoviomba kliniki. Alimkuta amekaa kwenye cherehani, anaimba. Pasikali alikuwa kwenye kiti cha jirani.

"Dada Immakulata, meza hivi leo hii. Ukivikatisha ghafla ugonjwa unarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Na jana... yale aliyoyasema Mtumishi, mimi ndiye niliyempa. Nilimtumia majina."

Immakulata aliacha kukanyaga cherehani. Alimtazama, akacheka kidogo.

"Jana ulisimama mbele ya watu wote ukashuhudia. Leo umeona wivu?"

"Nilidanganya jana."

"Basi huenda unadanganya na leo. Kwa miaka tisa nimeishi kama mwizi ndani ya nyumba yangu, Anania. Jana mume wangu amenijua na hajanifukuza. Unataka kuninyang'anya hilo?"

Pasikali aliinuka, akamfungulia mlango.

Alizunguka siku tatu nzima Kasulu. Kati ya wale kumi na saba, sita walipokea vidonge. Wengine walimfunga mlango, na mmoja alimfungulia mbwa. Siku ya nne asubuhi Immakulata alikuwa anapiga pasi gauni la harusi kwa pasi ya mkaa. Akaanguka juu yake.

Hakufa. Mkono wa kulia uliungua toka kiwiko hadi vidole, na daktari wa hospitali alisema vidole viwili havitakunjuka tena. Anania alipoingia wodini, Pasikali alimsogezea kiti karibu kabisa na kitanda.

"Kaa," alisema. "Sema tena yale uliyosema siku ile. Polepole, aelewe."

Akayasema yote, toka ukumbi wa Kimara hadi paja la kushoto. Immakulata alifumba macho. Alipomaliza, alimwambia neno moja tu, "Toka," na tangu hapo hajaongea naye.

Akiwa nje ya wodi alimpigia Dokta Mansuri. Alitegemea matusi.

"Utafiti umesimama kuanzia sasa," mzee alisema. "Kamati ya maadili nitaipelekea taarifa leo, na wewe utaandika ya kwako. Shahada usiifikirie. Wamebaki wangapi bila dawa?"

"Waliotupa dawa Kasulu, kumi na mmoja. Kibondo sijui."

"Hujui! Basi unafanya nini kwenye simu?"

Akarudi Kibondo siku hiyohiyo pamoja na muuguzi aliyejitolea. Nyumbani kwa mzee Nkunzimana walikuta wanaume wamekaa uani kwenye mikeka na wanawake wanapika kwenye sufuria kubwa. Mzee alikuwa ameangukia kijitoni alipokwenda kuoga, wakamkuta maji hayajafika hata magotini. Walikuwa wamemzika jana. Mjane akampokea Anania kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kuja, akamwambia, "Wewe ni mtu wa Mungu, tulimwona Mtumishi akikutaja kule Kasulu kwenye simu za watu. Tuombee."

Anania alipiga magoti mbele yake, akamweleza kwanza. Mtoto mkubwa wa marehemu alimwinua kwa ukosi wa shati, akamtoa nje ya ua, na hakuna aliyemzuia.

Jumapili alisimama kanisani kwa mama yake, kwa idhini ya mchungaji. Robo tatu ya waliokuwemo walikuwa wamepiga kelele za amina uwanjani. Kiti cha kiongozi wa kwaya kilikuwa kitupu. Alisoma alichoandika, bila kujitetea, akakaa. Watu walitoka mmoja mmoja, wengine wakitema mate mlangoni. Mchungaji mwenyewe hakujua afunge ibada kwa wimbo gani.

Jioni mawe yalianza kuanguka juu ya bati la mama yake. Mtu fulani alipaza sauti kutoka barabarani kwamba mwenye kumpinga mpakwa mafuta atakiona. Polisi walichukua maelezo, na ofisa mmoja alimuuliza Anania, kwa dhati kabisa, kama ana uhakika Mtumishi hakuoneshwa na Mungu pia. Wakati huohuo Nestori alikuwa ameshavuka kwenda mkoa mwingine. Mpangaji mwenzake wa Kimara alimtumia ujumbe: kuna mwanafunzi mpya ukumbini, dada mmoja mpole, anasomea ushauri nasaha wa familia. Anania aliusoma kwa sauti.

Mama yake alikuwa anafagia vipande vya mawe uani. Hakuwa amemwambia neno tangu kanisani.

"Huyo binti," alisema ghafla, ufagio mkononi, "ana simu?"

Anania akaanza kuitafuta namba yake ili amwonye.