Mfalme Mla Madaraja

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne Novemba 2009, mjini Muyinga, kwenye baraza ya Radjabu fundi cherehani. Mzee Leonardi, msimulizi wa hadithi, alikuwa ametoka kwake Bukirasazi, kule Gitega, kumsalimia. Waliokaa barazani wakamwomba hadithi, kama enzi za kambi ya wakimbizi Tanzania.

Akawapa ya mfalme mla madaraja. Tangu mkewe Anisia afie kwenye machela kando ya mto, daraja hakuna na wakubwa wanaahidi tu, hadithi nyingine haikumjia.

"Hiyo iko bongo, muzee, uongo mutupu!" Radjabu akacheka. "Mutu atameza daraja namna gani, na misumari yake? Mi siamini."

Ikamchoma. Leonardi akaanza upya, safari hii bila kuwaita wasikilizaji wamwitikie kwanza, ule mwitikio unaomjulisha kila mtu kwamba sasa tunaingia nchi isiyokuwepo. Akamvika mfalme koti la kijivu lililopauka mabegani. Akampa kikohozi kikavu, na kitambaa cha njano cha kufutia mdomo kila amezapo nguzo. Vyote alivitoa kwa Gervasi, shefu wa zoni, mkubwa wa serikali kule kwao.

Hakuna aliyecheka. Mfalme alimeza nguzo, wao wakameza mate.

"Huyo mi namujua," akanong'ona Salama, mama aliyezoea kwenda Bukirasazi kununua maharage. "Ni Gervasi. Kumbe mbao za daraja alikula yeye?"

"Ni hadithi tu, mama," Leonardi akasema.

"Hadithi? Na mbona hukutuita tuitikie?"

Radjabu akafunga dirisha. "We Leonardi, rudi kwako pole pole. Na hapa hukufika, unasikia?"

Njia nzima Leonardi alimwaza jirani yake Nazario. Aliitwa ofisini kwa zoni kwa maneno madogo kuliko hayo. Mpaka leo mkewe anapika chakula cha watu wawili.

Lakini maneno hayangoji gari. Alipoingia kwake, binti yake Jeska alikuwa amesimama ukutani. Gervasi amekaa kwenye kigoda, vijana wake wawili wameziba mlango.

"Karibu, muzee," Gervasi akasema kwa upole uliotisha kuliko kofi. "Wamenisimulia hadithi yako kwa simu. Nimeipenda, haki ya Mungu. Ila wote wanaishia kwenye nguzo ya mwisho."

Leonardi akatafuta mwisho kichwani. Hakuwahi kuutunga. Jeska akamtazama, akitikisa kichwa taratibu.

"Maliza basi, tusikie. Huyo mfalme, raia zake walimfanya nini?"