Hazina Thelathini na Moja

Joka lilikufa saa tisa na dakika kumi alasiri, na hakuna aliyeshangilia.

Fundi cherehani alikuwa amelihangaikia joka hilo wiki nzima. Alilitunga akipiga pasi, akalitia magamba akishona vifungo, akalipa moto wa kupumua na shimo la kulala, pini zikiwa mdomoni. Kisha Breki, dereva wa lori, akarusha kete yake ya pande ishirini mara mbili, akajumlisha na nguvu za upanga wake, na kazi ya wiki nzima ikaanguka chini kama shati lililochomoka kwenye hanga.

"Limekufa?" Breki aliuliza.

"Limekufa."

"Mbona hata halijanigusa?"

"Ulitaka likuguse?"

Breki alijikuna kidevu. "Kidogo tu, dada. Kwa heshima yake."

Muuguzi alikuwa anaangalia simu. Mwalimu wa hesabu, ambaye ni binamu yake fundi, alijinyoosha mpaka kiti kikalia. "Jumamosi ijayo msinihesabu sana," alisema. "Nina madaftari ya kusahihisha."

Fundi alijua maana yake. Binamu yake alikuwa na madaftari ya kusahihisha kwa miaka tisa mfululizo, na kila Jumamosi aliyaacha nyumbani bila kuyataja.

Mchezo ule ulikuwa wa kaka yake. Kaka alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka, na kila Jumamosi saa nane aliwakalisha watu hawa watatu kwenye meza ya kukatia vitambaa, pale kwenye chumba cha kushonea cha dada yake, kwa sababu hakukuwa na meza nyingine pana kama hiyo. Yeye alisimulia nchi ya kubuni, yenye milima, mapango na mazimwi. Wenzake waliishi ndani yake, kila mmoja na karatasi iliyoandikwa mhusika wake, nguvu zake na vitu anavyobeba. Breki alikuwa shujaa wa upanga. Mwalimu alikuwa mzee wa mazingaombwe. Muuguzi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuchukua hata pamba ya kazini, alikuwa mwizi, tena mwizi wa kutisha. Jambo likiwa na shaka, kete iliamua. Fundi hakuwahi kucheza. Alikaa pembeni kwenye cherehani yake, akisikiliza, na mara nyingi mguu ulisahau kukanyaga pedali.

Miezi mitano iliyopita kaka aliugua wiki tatu, akafa. Nyumbani watu walikuwa wameshaanza kumwita marehemu. Kwenye meza ile tu ndipo mtu aliweza kusema, "Lakini kaka anasema mto huu hauvukiki," na hakuna aliyemrekebisha. Ndiyo maana fundi alijitolea kusimulia, yeye ambaye hata kwenye harusi akipewa kipaza sauti sauti humkauka. Meza ikivunjika, kaka angekuwa amekwisha kila mahali.

Na sasa ilikuwa inavunjika, tena kwa mikono yake mwenyewe. Alijua alipokosea, ila hakujua kosa lenyewe lilikuwa nini hasa.

Ilikuwa hivi. Kwenye daftari la mwisho la kaka alikuta kurasa nne zilizojaa picha za hazina, thelathini na moja, zimepakwa rangi ileile ya vibao: upanga unaokata mawe, joho la kupita bila kuonekana, viatu vya kuruka ukuta, ngao inayorudisha moto. Fundi alikuwa ametoka kugawa vitu vya marehemu. Mashati yalienda kwa wajomba, brashi kwa wachoraji wenzake, ngazi kwa jirani. Alipoziona zile picha alidhani nazo ni vitu alivyoacha kaka, vya watu wake. Katika Jumamosi saba alizigawa zote. Muuguzi alilia alipopewa joho. Breki aliupiga picha ule mchoro wa upanga akauweka kwenye simu yake. Zilikuwa Jumamosi nzuri. Baada ya hapo hakuna zimwi lililoweza kusimama mbele yao kwa dakika mbili.

Jumatatu, mteja wa kwanza alipoondoka, fundi alishusha madaftari yote ya kaka kutoka juu ya kabati. Yalikuwa kumi na manne. Aliyapanga kwenye meza kama vipande vya gauni ambalo mtu mwingine alianza kulikata. Hakulia. Kulikuwa na kitu alichotaka kukijua, nacho kilimkaa kichwani kama uzi kwenye ulimi: kaka aliwapa vitu vingapi kwa miaka tisa?

Ilimchukua siku mbili kuhesabu. Kumi na tisa.

"Kumi na tisa tu," alimwambia muuguzi, baada ya kumfuata kazini wakati wa chakula cha mchana. Walikaa kwenye benchi nyuma ya zahanati. "Na mlikuwa mnapiga kelele mpaka majirani wanauliza kuna nini. Hebu niambie, kati ya vyote ulivyowahi kupewa, kipi unakikumbuka?"

Muuguzi hakufikiri hata kidogo. "Kamba."

"Kamba gani?"

"Si ile kamba ya hatua ishirini! Tukafika kwenye shimo la hatua thelathini. Dada, tulikaa juu ya lile shimo Jumamosi mbili. Binamu yako anapiga hesabu, Breki anataka kuvua suruali aiunge. Mwishowe tuliifungia kwenye ndevu za mzee wa mazingaombwe." Alicheka mpaka akashika ubavu. "Sijawahi kuipenda kamba hivyo."

"Na joho nililokupa mimi?"

Muuguzi aliacha kucheka. "Joho ni zuri," alisema kwa adabu, kama mtu anayesifia chakula alichokiacha kwenye sahani.

Fundi alirudi akayafungua tena madaftari, safari hii akitafuta kamba. Aliipata kwenye daftari la tatu. Mbele yake kaka alikuwa ameandika neno moja: *Haifiki.* Akatafuta taa aliyoikumbuka. *Taa ya shaba. Haiwaki kwenye upepo.* Kisu: *Hakina mpini.* Ufunguo: *Unafungua, haufungi.* Alipitia zote kumi na tisa. Kila hazina aliyotoa kaka ilikuwa na jambo lake isiloweza, na jambo hilo ndilo lililowaweka watu wazima watatu ukingoni mwa shimo wiki mbili.

Akafungua zile kurasa nne za rangi. Upanga. Joho. Viatu. Ngao. Mbele ya kila kimoja kulikuwa na mstari mtupu, umepigwa kwa rula, unasubiri.

Fundi aliukodolea macho mstari ule. Kumbe hazikuwa zimekamilika. Alikuwa amegawa nguo zenye uzi wa bandi bado, ule wa kushikiza tu kabla ya kushona.

Jioni hiyo alimpigia binamu yake, akamweleza yote bila kujitetea.

"Basi leta adui mkubwa zaidi," mwalimu alisema.

"Joka lilikuwa na alama mia mbili za uhai."

"Ukiweka mia nne, sisi tunapiga mara nne badala ya mbili. Hmm. Hapana, umenishika. Upanga ukiongezeka na joka likiongezeka, hesabu inajifuta. Unabaki ulipokuwa, ila umechoka." Akafikiri. "Tuibiwe. Wezi waje usiku, wachukue vyote."

"Siwezi. Kaka aliandika kwenye daftari la nne. Aliwahi kukosea naye, alikupa pete fulani."

"Pete ya kusikia mawazo! Nilikuwa nawamaliza."

"Ameandika: *Pete nimeitoa vibaya, nimempa kwa sababu mama yake amelazwa. Siwezi kuichukua. Kilichotolewa mezani kimetolewa. Nitatafuta mahali ambapo haitoshi.*"

"Sikujua kwamba ilikuwa kwa ajili ya mama," mwalimu alisema. "Sawa, dada. Jumamosi nitakuja. Lakini nakwambia ukweli, nakuja kuaga vizuri tu."

Mahali ambapo haitoshi. Fundi alilizungusha neno hilo hadi Alhamisi. Siku hiyo walimjia wateja watatu kwa mpigo, mmoja na sare za watoto, mmoja na gauni la mahafali, mmoja na mapazia, na wote walitaka Ijumaa asubuhi. "Si una mashine ya umeme siku hizi?" wa mapazia alisema, kana kwamba mashine ingejiendesha. Fundi alicheka peke yake hadi mteja akaudhika. Mashine alikuwa nayo, nzuri kuliko zote mtaani, na bado alikuwa na mikono miwili na yuko mahali pamoja.

Jumamosi saa nane alifuta meza, akachukua chaki ya kukatia na kuchora mto mrefu kutoka pembe hadi pembe. Kandokando yake akatia duara saba.

"Vijiji," alisema. Sauti ilimkauka, akaendelea hivyohivyo. "Huku juu kuna bwawa, na ukuta wake umepasuka. Maji yatashuka kabla jua halijazama. Kila kijiji kinawaita."

Breki aliegemea mbele. "Tunapigana na nani?"

"Hakuna mtu."

"Maji yana uhai kiasi gani?"

"Maji ni maji, Breki."

"Tuko watatu," mwalimu alisema polepole. Aligusa duara moja moja kwa kidole. "Saba. Hata kwa viatu vya kuruka, mtu mmoja hafiki vijiji viwili kwa wakati mmoja." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alikuwa na uso wa mtu aliyepewa swali ambalo jibu lake haliko nyuma ya kitabu. "Dada. Mtu wa kawaida anaweza kuvaa joho?"

"Anaweza. Ila kitu kikitoka mikononi mwenu, mwenyeji ndiye anakitumia, na kete namrushia mimi, mbele yenu. Wao si mashujaa. Watakosea."

Basi pakawa na soko pale mezani. Muuguzi alitaka kuwajua wenyeji kabla ya kuwapa chochote. Nani ana watoto? Nani anaogopa maji? Joho alilipeleka kwa mfinyanzi mmoja, kisha akabadili mawazo, kisha akarudi kwa mfinyanzi yuleyule. Mwalimu aliwapa viatu ndugu wawili wasiosemeshana, kiatu kimoja kimoja, na muuguzi akamwambia kwamba atawaua wote wawili kwa ujanja wake. Hazina zikaanza kuondoka kwenye karatasi zao moja baada ya nyingine.

Kikabaki kijiji cha juu kabisa. Mti ulikuwa umeangukia mlango wa kupunguzia maji ya bwawa, na usipokatwa, ukuta mzima ungevunjika. Huko hakukuwa na mtu ila binti wa mwenye kinu.

Wote walimgeukia Breki.

"Upanga sitoi," alisema.

"Breki, ni wa kukata mawe, mti si kitu," mwalimu alisema.

"Nimesema sitoi! Toeni vyenu. Huu kaka alinichorea mimi." Aliweka kiganja juu ya karatasi yake. "Nyinyi mna picha zake za harusi, mna vibao vyake mtaa mzima. Mimi nina huu."

Fundi alikuwa na njia rahisi. Angeweza kuutoa ule mti, akasema upepo umeupeperusha. Breki angebaki na upanga wake, na Jumamosi ijayo wangepiga miayo tena, wakija labda wawili, labda mmoja.

"Hakukuchorea wewe," alisema.

Breki alimtazama.

"Niliukuta kwenye daftari, nikakupa. Mimi. Hakuandika jina la mtu. Alikuwa hajaumaliza, na mimi sikujua, nikagawa vyote kama nilivyogawa mashati." Chaki ilimvunjikia mkononi. "Nisamehe, Breki. Ukitaka kukaa nao, ni wako. Kilichotolewa kimetolewa."

Muuguzi aliinamia kikombe chake. Nje mtu alikuwa anapiga honi akitaka mwenzake asogeze gari. Breki hakukiondoa kiganja chake.

"Huyo binti," alisema hatimaye, kwa sauti nzito, "ana mikono ya nguvu?"

"Anabeba magunia."

"Amewahi kushika upanga?"

"Hapana."

"Basi msirushe kete kwanza." Alisimama, akachukua rula ndefu ya fundi, akaishika kwa mikono miwili. "Mwambie asiukumbatie. Miguu hivi. Apige kwa mshazari, sio kama anapasua kuni. Na kiwiko, dada, mwambie kiwiko kisimkimbie." Alimfundisha msichana asiyekuwepo kwa dakika tano nzima, jasho likimtoka, na hakuna aliyemcheka. Kisha akaufuta upanga kwenye karatasi yake kwa kifutio, akapuliza vumbi lake. "Anahitaji ngapi?"

"Kumi na moja kwenda juu."

Fundi akarusha. Kete iligonga mkasi, ikazunguka, ikasimama.

"Tisa!" Muuguzi alipiga ukelele, akajiziba mdomo.

"Mti umekatika nusu," fundi alisema. Hakujua sauti yake ilikuwa imetoka wapi, lakini ilikuwa imejaa chumba. "Mlango umefunguka kidogo, ukuta umeshikilia. Lakini upanga umenasa ndani ya gogo, na gogo linaondoka na maji."

"Na binti?" Breki alikuwa bado amesimama na rula.

"Hakuuachia mpini."

"Mwambie auachie!"

"Humfikii. Wewe uko chini, kijiji cha tatu."

"Kiwiko," Breki alinong'ona, "nilimwambia kiwiko." Kisha wote watatu wakaanza kusema kwa pamoja. Mwalimu alikuwa anapima mto kwa shibiri, akidai gogo litapita kwa wale ndugu baada ya muda fulani. Muuguzi akasema ndugu wenyewe wana kiatu kimoja kimoja, asante kwa akili zako, mwalimu. Breki akavuta kiti chake hadi kifua kikagusa ukingo wa meza.

"Upanga uende," alisema. "Sogezeni vikombe. Tunamfuata binti."