Aliyeshika Karatasi

Kila siku saa kumi alasiri, Chepkirui, mtunzaji kutoka Kenya, humvisha Bi Ottavia soksi safi, huwasha taa ya mezani, kisha huchemsha chai ya maziwa, vikombe vitatu. Cha tatu ni cha Renzo, kakake Bi Ottavia, aliyefariki miaka thelathini iliyopita. Mwanga ukishatandaa ukutani kama maziwa yaliyomwagika, Renzo hutoka humo polepole, koti mkononi. Hapendi sukari nyingi.

Ndugu hao waliibuni taa hiyo kule Milano baada ya vita. Walichora kwa penseli moja, mkono wa huyu juu ya mkono wa huyu, hata usingejua mstari upi ni wa nani. Siku ya kutia sahihi kiwandani, upepo ulivuma dirishani. Ottavia akashika karatasi isipeperuke, Renzo akasaini. Basi. Vitabu vikaandika kwamba Renzo alikuwa na dada mpishi hodari.

"Nilisema nitaongeza jina lake kesho," Renzo alimwambia Chepkirui. Kesho ya wanaume tunaijua.

Mwaka huu jumba moja la makumbusho mjini Washington liliiazima taa kwa maonyesho. Bi Ottavia, miaka tisini na sita, alitaka jambo moja tu kabla hajafa: jina lake liandikwe. Renzo akaandika barua ya kukiri. Malik wa makumbusho, Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, akaja nyumbani kwao Fairfax, karibu na Washington, kuichukua barua hiyo, akamwamkia marehemu, akanywa chai.

"Samahani sana, dada Chepkirui," alisema. "Fomu ya kuongeza jina inahitaji sahihi ya mtu aliye hai."

"Si ume-talk naye mwenyewe?"

"Nimezungumza naye. Ni mtu mwema. Lakini policy ni policy."

"Na huyu mama je? Yeye si ako hai?"

"Huyo ana conflict of interest, jina lenyewe ni lake."

Siku ya ufunguzi Chepkirui alimsukuma Bi Ottavia kwenye kiti cha magurudumu hadi mbele ya taa. Kibao kilikuwa na jina moja. Taa ilipowashwa Renzo alitoka, akamweleza kila aliyepita kwamba kazi ile ni ya dada yake pia, yule pale. Watu walimsikiliza kwa makini, baadhi wakalengwalengwa na machozi.

"Ona alivyo mnyenyekevu," mama mmoja akamwambia mwenzake.

Wakapanga foleni kumpa mkono. Bi Ottavia akaombwa asogee kidogo, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimeziba njia.