Mikono ya Jumapili

Jumapili, baada ya kumlaza bibi kizee aliyekuwa akimtunza, msusi aliosha vikombe viwili, akafuta sinki, akaanika kitambaa. Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaiweka spika, kisha akafungua dirisha la jikoni na kuketi kwenye kigoda. Ilipogonga saa kumi, mikono yake ilichomoka kwenye vifundo, ikapita dirishani na kwenda nyumbani kumsuka bintiye.

Mji ule wa Kihispania ulikuwa na wasusi wake, hivyo yeye alipewa kazi ya kutunza wazee. Mwaka wa tatu sasa. Kihispania chake kilitosha kusema sabuni, dawa, taratibu na samahani. Lakini utosini mwa bintiye nywele zilijizungusha kama gamba la konokono, na hapana aliyeweza kupitisha mstari pale ukanyooka, isipokuwa mama mtu.

"Imefika," mama yake alisema simuni. "Mbona baridi hivi? Huko hawauzi glavu?"

"Zinauzwa, mama. Mwambie mtoto atulie."

"Nimtulize mie? Mzigo wako huo. Na inanuka dawa ya choo, mwanao anapiga chafya."

Msusi alicheka, akapangusa macho kwa bega. Saa kumi na moja mikono ilirudi ikinukia mafuta ya nywele, ikajipachika, ikaanza kumenya viazi.

Jumapili moja mama yake alikuwa na habari. Binti amepata shule ya bweni, anaanza mwezi ujao, na huko kila msichana sharti anyoe.

"Njoo umwone kabla hajaenda," alisema. "Anasema sura yako imeanza kumpotea."

Msusi akamwendea Senyora, binti wa bibi kizee, aliyemwekea pasipoti yake kwenye droo isije ikapotea. Mkataba ulitaja likizo kila mwaka. Senyora alikuwa akipaka kucha rangi.

"Mwakani," alisema.

"Mwaka jana pia ulisema mwakani, Senyora."

"Wenzako huenda kwao mara moja kwa mwaka. Wewe mikono yako inakwenda kila Jumapili. Likizo gani tena unayotaka?"

Msusi aliitazama droo. Ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Senyora, katikati ya lulu.

Jumapili ya mwisho mikono ilikwenda, ikakuta wembe na beseni la maji ya vuguvugu. Ilifumua mistari yake yenyewe, ikanyoa polepole kuanzia kisogoni, konokono wa utosini ikamwacha mwisho. Msusi aliusikia wembe simuni: kwaru, kwaru.

"Mama," binti alisema mwishowe, "nataka kuishika mikono yako kidogo."

"Ishike, mwanangu."

Akaishika, akajifunika nayo uso. Saa ya jikoni ikagonga kumi na moja.

"Muda umepita," msusi alisema.

"Mwache," mama yake alijibu. "Ikichelewa, na ichelewe."

Mikono ilirudi saa kumi na moja na robo, viganja vimelowa. Msusi hakuifuta. Aliibandika usoni pake kabla haijakauka, akakaa hivyo hadi bibi kizee alipoita. Senyora alisema robo saa ile itafidiwa Jumatatu.

Jumapili iliyofuata saa kumi iligonga, dirisha wazi, simu imeegemea kopo la sukari. Mikono ilibaki mapajani. Senyora alipita jikoni, akaiona ipo, akafurahi, akaiwekea vijiko vya fedha ivisugue.

Ikasugua. Dirisha, msusi hakulifunga.