Nimeolewa na Eliufoo

Darasa la Kiingereza la wakulima wa tangawizi lilikuwa kila Jumanne jioni, katika chumba cha shule ya Jumapili, kanisani Mamba. Wanunuzi kutoka nje walikuwa wanategemewa, na kikundi kilikuwa kimeamua kwamba kila mwanachama aweze walau kujitambulisha mwenyewe. Hedwiga alifika na udongo kwenye kucha, akaketi benchi la mbele kwa sababu macho yake hayakuwa ya kuaminika tena.

Zamu yake ilipofika alisimama ubaoni akaandika jina lake, kijiji chake na zao lake. Kisha, kama mtu yeyote mwenye heshima zake, akataka kusema ni mke wa nani. Akaihamisha sentensi ya Kiswahili neno kwa neno, taratibu, kama mtu anayehamisha mayai. Nimeolewa na Eliufoo: "I am married by Eliufoo."

Mwalimu Jenifer, binti aliyepanda kutoka Same mjini, akaweka alama ya kosa pembeni.

"Mama, kwenye kuolewa Kiingereza kina ujanja wake. Ukisema 'by', huyo ndiye aliyekufungisha ndoa. Mume anakwenda na 'to'."

"Kwa hiyo nimesema Eliufoo ni mchungaji?"

"Ndivyo ulivyosema, mama. Au sema tu 'I married Eliufoo'. Kwao mwanamke naye anaoa."

Mabenchi ya nyuma yakaangua kicheko. "Huko huko kwao," alisema mzee Anold, mwenyekiti wa kikundi. "Huku Upareni mwanamke haoi. Kaa, Hedwiga. Kosa moja haliachi mke."

Hedwiga akakaa. Muda ulikuwa umekwisha, na sentensi ikabaki ubaoni.

Alipofika nyumbani aliwasha taa, akaikuta picha ya harusi imebadilika. Ilikuwa palepale ukutani, juu ya redio. Yeye alikuwa amesimama na shela lake na maua yake ya plastiki, lakini Eliufoo hakuwa ubavuni pake. Alikuwa mbele yake, madhabahuni, amevaa kola ya kichungaji na kufungua kitabu. Mchungaji wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameteremshwa kwenye benchi la wageni, na alionekana kupumzika. Kando ya Hedwiga palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, sakafu ya kanisa ikionekana vizuri.

Jirani yake Lukia alikuja kuomba chumvi, akaitazama.

"Kola imemkaa," alisema. "Mabega yake siku zote yalikuwa ya kichungaji." Akapokea chumvi, akaenda zake.

Hedwiga aliogopa, na alikuwa na sababu. Eliufoo alishuka kwenda kufanya kazi mkongeni wiki ileile ya harusi, na tangu hapo alikuwa mtu wa Krismasi. Sasa umri wa kustaafu ulikuwa umefika. Mwaka huu alikuwa ameahidi kupanda na mizigo yake yote, arudi moja kwa moja. Hedwiga alikuwa ameusubiri mwaka huo mpaka nywele zikageuka rangi, naye hakutaka kuupoteza kwa neno dogo la herufi mbili.

Akasimama mbele ya picha, akasema sentensi iliyosahihishwa, yenye "to", polepole. Eliufoo akainua macho kutoka kitabuni, akamtazama kama unavyomtazama muumini anayekohoa, kisha akatafuta mstari alipoishia. Ile sentensi ya yeye kumuoa Eliufoo, Hedwiga hakuithubutu.

Jumanne iliyofuata aliwahi darasani kabla ya wenzake.

"Mwalimu, ile ya 'to' imekataa."

Jenifer akavuta kiti. "Mama, kwani mzee akija huwa anafanya nini?"

"Anakula. Anaombea chakula. Anawasalimu watu, anaondoka."

"Na siku ile ya harusi?"

Hedwiga alifikiri. "Alikuwepo mpaka ndoa ikafungwa."

Jenifer akainuka. Akaenda kwenye ile sentensi ambayo hakuna aliyekuwa ameifuta, akafuta alama ya kosa kwa kiganja na kuweka vema.

"Samahani, mama," alisema. "Nilikuonea."

Krismasi ikafika na manyunyu yake. Hedwiga alipika makande, chakula alichokipenda mume wake, na akayakorogea maziwa kama alivyozoea. Mchana bodaboda ikasimama uani. Eliufoo akashuka amevaa kola, bila mzigo wowote isipokuwa Biblia kwapani.

"Bwana Yesu asifiwe, mama."

"Amina, baba mchungaji."

Lukia, aliyekuwa akichungulia uani, akamnong'oneza kwamba mchungaji halishwi makande. Makande yakarudishwa jikoni, jogoo akachinjwa, wali ukapikwa, na firigisi ikawekwa mahali pake juu ya sahani ya mgeni. Eliufoo akaombea chakula, akala vizuri, akanawa mikono. Akaitazama nyumba.

"Na baba mwenye nyumba yuko wapi?"

"Yuko mkongeni," alisema Hedwiga. "Aliahidi kurudi mwaka huu."

"Basi tumwombee."

Wakafumba macho. Eliufoo aliomba kwa muda mrefu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiagizia maji ya kuoga. Aliomba kwamba mume wa mama huyu aikumbuke nyumba yake, arudi, na akae. Hedwiga akaitikia Amina kwa nguvu, kwa kuwa hapakuwa na ombi jingine alilowahi kulitaka kiasi hicho.

Kisha mchungaji akaaga. Akatoka, akainama mlangoni bila kuambiwa, mahali ambapo kila mgeni hujigonga kichwa.