Shangazi Apiga Hodi kwenye Tovuti

Usiku wa jana, na naulaumu wali wa kiporo niliokatazwa nisiule, niliota tovuti niliyoibuni imegeuka nyumba.

Sikushangaa sana. Ni tovuti ya kliniki moja ya macho hapa Tanga, ya kuombea miadi ya daktari, na nimeihangaikia mpaka nimekonda. Nyumba yenyewe ilikuwa safi, nyeupe, na mlango hauonekani. Mlango niliuficha mwenyewe. Siku hizi ndivyo watu wanavyotaka, au ndivyo sisi wabunifu tunavyoambiana.

Nimekaa uani kwenye kiti cha plastiki. Kazi yangu ni utafiti: kumtazama mtumiaji anavyoitumia. Mara anaingia Shangazi Mwanjaa, dada yake baba, katoka Muheza na mkoba wake mweusi. Jicho lake la kushoto limekuwa na ukungu tangu Ramadhani. Ukutani pana bango: ATAKAYEKUWA NJE SAA SITA MCHANA, JICHO LAKE LITAFUNGWA PAMOJA NA KLINIKI.

Nikainuka nimwamkie. Kabla sijafungua mdomo akatokea Kanuni, mwanamume mnene mwenye suti ya kaki, akanirudisha kitini na kunikalia mapajani.

"Mtafiti hamwongozi mtumiaji," akasema, akaniziba mdomo kwa kiganja.

Nikamuuliza kwa macho kama hata shikamoo hairuhusiwi.

"Shikamoo ni kuongoza."

Huyu Kanuni namjua. Nilimsoma chuoni na mtihani wake nikafaulu vizuri tu. Hawakutuambia kwamba ana uzito ule.

Shangazi akavua ndala zake za bluu, ile ya kulia mkanda wake umeshikizwa kwa pini, akazipanga vizuri chini ya baraza.

"Hodi," akasema.

Nyumba kimya. Mimi nilipoijenga sikuwaza kabisa kwamba kuna mtu ataipigia hodi.

"Mama, sema kwa sauti yote unayoyawaza," Kanuni akamwelekeza.

"Nyumba nzuri," akasema Shangazi. "Imependeza kwa kweli. Hongera aliyeijenga."

"Haoni pa kuingilia," ukasema mkoba wake. "Na miguu inamuuma."

Hapo nikaudhika. Wiki iliyopita nilimwonyesha Shangazi tovuti hiihii kwenye simu yangu, akaisifu kwa maneno hayohayo, nami nikaenda kumwambia bosi kwamba watumiaji wameridhika. Mkoba ulikuwepo siku ile, umekaa mapajani mwake, na haukusema kitu.

Barazani palikuwa na vijiti vitatu vimelala sambamba, kama vile vistari vitatu vya juu kwenye tovuti. "Sisi ndio menyu," vikaninong'oneza. "Mtu akitugusa tu, tunafungua kila kitu. Nani asiyetujua?"

Shangazi akaviokota, akavifunga kwa uzi na kuvibana kwapani. Alidhani ni kuni.

"Hodi," akasema mara ya pili.

Sasa tupo kwenye korido ya hospitali, na nyumba nayo imo humo koridoni. Naona kitufe cha kuingilia kimejikunyata pembeni ya ukuta. Kina rangi ya kijivu hafifu, karibu sawa na ukuta wenyewe. Nikakikonyeza kijitokeze.

"Sitaki," kikasema. "Wewe si ndiye uliyesema rangi kali ni ushamba?"

Kwa mbali nikamsikia daktari akikusanya vifaa vyake. Kope ya jicho la kushoto la Shangazi ikaanza kushuka yenyewe, polepole, mithili ya pazia la duka linalofungwa. Niliogopa. Yule mama ndiye aliyeniogesha nilipokuwa mdogo, na sasa jicho lake linafungwa mbele yangu kwa sababu ya rangi ya kitufe.

Na kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa anageuka, anakwenda zake, wala hana kinyongo. Shangazi hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa na hawezi kuanzia kwangu.

"Hodi wenyewe," akasema mara ya tatu, kwa sauti ndogo.

Shangazi akainama kuchukua ndala.

"Anaondoka," ukasema mkoba. "Anajiambia kwamba pengine kuona ni kwa ajili ya vijana."

Nikamng'ata Kanuni.

"Karibu," nikasema. "Karibu Shangazi, pita ndani, bonyeza hicho cha kijivu hapo kulia, hicho kinachojificha. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Kumbe mpo."

Akaziacha ndala, akabonyeza, ukuta ukafunguka. Akapita peku na vijiti vyake kwapani.

Kanuni alikuwa anakitazama kiganja chake. "Umeharibu utafiti," akasema. "Matokeo haya hayafai tena."

"Haya, sawa," nikamjibu. "Sasa shuka mapajani mwangu."

Nikaamka na kiungulia, jua limeshaingia chumbani na miguu imekufa ganzi. Kitu cha kwanza nikampigia Shangazi. Nilitaka kumwomba aitazame tovuti upya, na safari hii aiseme vibaya bila kunionea haya.

Alipokea kwa kunong'ona. "Baba, siwezi kuongea sasa. Daktari ameniwekea dawa jichoni, nimeambiwa nitulie."

"Daktari gani, Shangazi? Umeingiaje huko?"

"Si nimekaribishwa? Ila nipo peku, naona aibu mbele za watu. Hebu niangalizie ndala zangu hapo."

Nikafungua mlango wa chumba. Zilikuwepo kizingitini, zimepangwa vizuri, ya kulia na pini yake. Nikazisogeza pembeni zisikanyagwe, kisha nikawasha kompyuta nikipake rangi kile kitufe.