Usitumie Ikiwa

"Kidude chako kilibonyeza chenyewe," mama alimwambia binti yake kwa mara ya tatu, akiisukuma simu kwenye meza yake ya ofisini kama mtu anayerudisha sahani yenye unywele. "Mimi nilikiambia simu imejaa, kinisafishie nipokee picha za mjukuu. Basi. Sikukiambia kimfute baba yako."

Binti yake aliichukua simu, akafungua mahali pa sauti, akakuta peupe. Kwa miaka sita marehemu baba yake alikuwa akimrekodia mkewe maneno mafupi mafupi, na tangu azikwe, mama alikuwa akiyasikiliza kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki. Sasa hapakuwa na hata moja.

Hapo ofisini walimwita binti huyo Bibi Nukta, maana sentensi haikumpita bila kukaguliwa hadi nukta yake. Zamani aliandika vile vikaratasi vya maelezo vinavyokuja ndani ya maboksi ya pasi na majiko ya umeme, ambavyo watu hufungia vitumbua au kutupa. Hatimaye alipata msomaji wa kusoma kila neno, na msomaji huyo alikuwa mashine. Wahandisi walitengeneza zana za kuiwezesha akili mnemba kuishika simu badala ya mwenyewe: moja ya kugusa, moja ya kutelezesha, moja ya kuandika, moja ya kusoma kilicho kwenye skrini. Yeye aliiandikia kila zana ukurasa wake, ili mashine ijue ipi itumike lini. Alichoandika, ilikifanya. Asichoandika, kwake hakikuwapo duniani.

Kila ukurasa wake uliishia na sehemu fupi iliyoitwa "Usitumie ikiwa". Mwezi uliopita mkuu wa kitengo, mtu wa kutafuna karanga juu ya kibodi za wenzake, aliinama begani kwake na kuisoma.

"Hii inaitia mashine woga," alisema. "Kwenye majaribio inasimamasimama kuuliza. Nani anataka msaidizi wa kuulizauliza? Toa."

Akatoa. Hilo ndilo lililomtia kinyaa sasa, kuliko karanga na kuliko mkuu mwenyewe: kwamba alifuta bila kubisha, chini ya dakika moja, kisha akaenda kunywa chai na kuomba kipande cha keki. Wiki hiyohiyo walipoombwa walete simu za ndugu kwa majaribio, aliibeba ya mama yake, ikawekewa msaidizi huyo, akamrudishia.

Alifungua kumbukumbu ambamo mashine huandika kila hatua yake. Hatua ya kumi ilikuwa hii: "Kisanduku kinasema: sauti 212 zitafutwa, una uhakika? Maelezo ya zana yanasema: kisanduku cha swali kikizuia kazi, gusa kitufe cha kukubali, kisha endelea. Nimegusa Ndiyo."

Sentensi ilikuwa yake, pamoja na mikato yake. Aliifuta mikono kwenye sketi, ingawa haikuwa na kitu.

"Nisubiri hapo mapokezi, mama," alisema.

Mkuu aliisoma kumbukumbu huku taya zikifanya kazi. "Imefuata maelezo neno kwa neno," alisema. "Safi sana hii."

"Imefuta sauti za marehemu baba yangu."

"Pole, dada. Pole sana." Akatelezesha juu, akatelezesha chini. "Lakini ona, hatua kumi na moja, haijakwama hata mara moja. Iweke kwenye ukurasa kama mfano. Toa tu hayo mambo ya familia."

Kichembe cha karanga kilimrukia kwenye mkono wa blauzi na kukaa hapo, kimelowa. Alikipangusa kwa kidole.

"Zinaweza kurudishwa?"

"Hatua ya kumi na moja ni kumwaga kapu la taka. Tumeifundisha usafi." Alianza kucheka, akauona uso wake, akaacha.

Bibi Nukta alirudi mezani kwake, akaurudisha ukurasa ulivyokuwa na kuongeza mistari mitatu: usitumie ikiwa kisanduku kinasema kitu kitafutwa, simama, muulize mwenye simu. Akauchapisha bila kumwomba mtu ruhusa. Mkuu angeuona kabla ya jioni, na huenda angeufuta, na huenda angemfuta na yeye kazi. Lakini safari hii angefuta kwa mkono wake mwenyewe.

Mama alikuwa mapokezi, mkoba magotini. "Zimepatikana?"

"Hapana, mama. Imebaki orodha tu, mashine iliiandika kabla ya kufuta. Tarehe, na kila moja ilikuwa ya sekunde ngapi." Ilibidi aseme na lililobaki. "Na kilichokiambia kibonyeze ni maelezo yangu. Niliyaandika mimi."

Mama alimtazama. Alisogea kidogo kwenye benchi.

"Nisomee hiyo orodha."

"Ni namba tu."

"Nisomee hivyohivyo."

Bibi Nukta aliketi, akaweka karatasi juu ya paja. "Sekunde nne."

Mama alifumba macho. "'Nimefika. Funga geti.'"

Akaandika. "Sekunde thelathini na moja."

"Hiyo alikuwa na kikohozi. Anauliza funguo ziko wapi, anakohoa, halafu anasema basi, ziko mfukoni."

Akaandika, pamoja na kikohozi. "Sekunde mbili."

Mama alifumbua macho. Mlango wa ofisi ulifunguliwa, ukafungwa.

"Hiyo hakusema kitu," alisema. "Alibonyeza kwa bahati mbaya. Unamsikia anapumua tu."

Bibi Nukta aliinamia karatasi, kalamu ikiwa mbele ya zile sekunde mbili, na hakujua aandike nini.